Premio: hita inaleta ukungu kwenye kioo badala ya kuuondoa (Kitonga hadi Njombe). Ni rejeta ya hita au kitu kingine?

#1 Kibena Dereva
Wakuu, habari. Gari ni Premio 1.5, injini 1NZ-FE. Dar hadi Mikumi hakuna shida. Kuanzia kupanda Kitonga jioni, AC ikizimwa na hita ikiwashwa, kioo cha mbele kinajaa ukungu kwa ndani, dakika moja haipiti. Ukipangusa unarudi. Hewa inayotoka ni vuguvugu, si ya moto. Chupa ya akiba ya kulanti (maji ya kupoza injini) imeshuka kutoka FULL hadi katikati kwa wiki tatu. Kapeti la abiria wa mbele, chini kabisa karibu na ukuta wa injini, lina unyevu. Harufu ipo, ila siwezi kuapa kama ni tamu au ni ya uvundo.

Fundi mmoja anasema rejeta ya hita imetoboka, dashibodi ishushwe. Mwingine anasema baridi ya Njombe inafanya hivyo kwa magari yote. Nipime vipi kabla ya kufungua chochote?

#2 Mzee wa Rejeta
Chupa inashuka, kapeti limelowa upande wa abiria, kioo kinafunga. Mkuu, hiyo ni rejeta ya hita, usizunguke.

Ni rejeta ndogo, ukubwa wa daftari, iko ndani ya boksi la AC nyuma ya dashibodi. Inaletewa maji ya moto ya injini kwa hosi mbili zinazopenya ukuta wa injini. Ikitoboka tundu la sindano maji hayamwagiki, yanageuka mvuke na blowa (feni ya ndani) inaupeleka kiooni.

Upimaji wa bure: ukungu wa maji ya kawaida ukiupangusa unaacha kioo safi. Wa kulanti unaacha utando. Pitisha kidole, kinateleza kama umegusa mafuta. Usiku taa za gari linalokuja zinatawanyika kwenye utando huo, na kitambaa cha maji matupu hakiutoi, kinausambaza tu.

Na tafadhali usimwage dawa ya kuziba rejeta. Mirija ya rejeta ya hita ni myembamba kuliko ya rejeta kubwa, kwa hiyo dawa inaziba huko kwanza. Utapona kuvuja, utakosa joto.

#3 fundi_AC_Tabata
Mzee wa Rejeta, kwako kila ugonjwa ni rejeta. Soma tena #1: "AC ikizimwa na hita ikiwashwa". Jibu limelala hapo.

Hewa ndani ya boksi inapita hivi: blowa, kisha evaporeta ya AC, kisha rejeta ya hita, kisha kiooni. Gari imetoka Dar na AC saa nyingi, evaporeta imelowa chapachapa kwa sababu kazi yake ni kukamua maji hewani. Kompresa (pampu ya AC) ikizimwa, evaporeta inaacha kuwa baridi, na yale maji yaliyoshika kwenye mapezi yake yanarudi hewani yote. Hita inayapasha, blowa inayatupa kwenye kioo kilichopoa. Ndiyo maana ukungu unakuja ndani ya dakika moja. Rejeta yenye tundu la sindano haina haraka hiyo.

Fanya hivi kwenye mlima: acha AC ikiwaka, pandisha joto hadi mwisho, elekeza hewa kioo cha mbele, kitufe cha mshale unaozunguka ndani ya gari kizimwe ili hewa iingie kutoka nje. Feni kasi ya kati. Ukungu ukiondoka na usirudi, dashibodi yako haina haja ya kushushwa.

#4 Nyasi Kavu
Hita na AC pamoja? Kimoja kinaua kingine. Moja inapoza, moja inapasha, utachoma mafuta bure na kompresa itakufa.

#5 fundi_AC_Tabata
Hapana kaka Nyasi Kavu. Zimepangwa kwa mfuatano, hazigombani. Evaporeta inapoza hewa hadi karibu nyuzi 3 au 5, mvuke unageuka kuwa maji na kutoka kwa mrija chini ya gari. Hewa iliyobaki ni kavu lakini baridi, rejeta ya hita inaipasha. Unapata hewa kavu na ya moto, na kioo hakitaki kingine.

Hesabu yake: mita moja ya ujazo ya hewa ya nyuzi 30 inaweza kubeba mvuke wa gramu 30 hivi. Ya nyuzi 10 inabeba gramu 9 na ushee. Kinachozidi hapo kinatua kwenye kitu baridi kilicho karibu, yaani kioo. Watu watano wamekaa ndani wakipumua, mshale wa kuzungusha hewa umewashwa tangu Ubungo, unategemea nini?

Toyota nyingi ukichagua alama ya kioo cha mbele, gari lenyewe linawasha AC na kufungua hewa ya nje. Isipofanya hivyo, au taa ikawaka lakini kompresa haibofyi, angalia gesi. Ikipungua sana, swichi ya presha inazuia kompresa. Kiasi cha R134a (gesi ya AC) kimeandikwa kwenye stika chini ya boneti, kwa gramu. Usijaze kwa kukisia.

#6 Bisibisi Nyota
Nyote mmeruka neno moja: vuguvugu. Rejeta iliyotoboka bado inatoa hewa ya moto. AC haihusiki na hewa kuwa vuguvugu. Mimi naanza na thamostati, ile vali inayozuia maji yasiende rejeta kubwa hadi injini ipate joto.

Magari mengi yaliyokaa Dar yametolewa thamostati. Gari likichemsha, fundi anaitoa, anafunga kifuniko, mteja anafurahi kwa kuwa mjini nyuzi 32 hutaki hita. Likipanda Mafinga usiku, maji yanazunguka rejeta kubwa muda wote, injini haipati joto lake. Thamostati ya injini hii imeandikwa 82, yaani inaanza kufunguka kwenye nyuzi 80 hadi 84. Bila hiyo, kwenye mteremko na upepo wa baridi, utaona 60 na kitu.

Pima kwa kifaa cha kusomea kompyuta ya gari, hata kile kidogo cha bluetuthi. Endesha dakika 20 barabara kuu usiku, soma joto la kulanti. Kati ya 82 na 95, thamostati ipo na inafanya kazi. Likibaki chini ya 75 na kushuka kila unapoachia mafuta, haipo au imekwama wazi. Wakati mwingine kompyuta inaandika kosa P0128 (injini haifiki joto lake). Magari kama Passo yana taa ya bluu ya injini baridi: ikiwaka tena safarini, jibu umelipata bila kifaa.

Thamostati ya zamani ijaribu jikoni. Itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji isiguse chini, weka kipimajoto, pasha polepole. Ikifunguka mapema mno, au isifunge kabisa maji yakipoa, tupa.

#7 Kiwembe
@Kibena Dereva njia fupi: gusa yale maji ya kwenye kapeti uonje. Yakiwa matamu ni kulanti, yakiwa hayana ladha ni ya AC. Imekwisha.

#8 Mama Tausi
Kiwembe, futa hiyo. Kulanti nyingi zina ethilini glaikoli, ni sumu ya figo, na utamu wake ndio hatari kwa watoto na mbwa. Hakuna fundi anayepaswa kuonja.

Chukua karatasi nyeupe ya chooni, igandamize kwenye kapeti hadi inyonye, iangalie mchana. Kulanti ya waridi, nyekundu au ya kijani inaacha rangi. Acha karatasi ikauke: ya maji inakauka na kukakamaa, ya kulanti inabaki na unyevunyevu wa kunata hata kesho yake.

Na kwa kuwa nipo hapa: kioo chenyewe ni kichafu kiasi gani? Mvuke unapenda kutua kwenye uchafu. Ile dawa ya kung'arisha dashibodi, ya silikoni, inapashwa na jua na kupanda kiooni. Gari likianikwa kila siku, baada ya miezi miwili kioo kina utando ambao Mzee wa Rejeta angesema ni kulanti. Kwa hiyo kipimo cha #2 hakitoshi peke yake.

Safisha hivi: spiriti nusu, maji nusu, kitambaa kisichotoa manyoya. Pangusa wima kwanza, halafu kwa kitambaa cha pili kikavu pangusa mlalo, ili ukiona mistari ujue ni ya kupita ipi. Rudia mara mbili. Pale chini kabisa kioo kinapokutana na dashibodi ndipo kila mtu hapafikii, na ndipo ukungu unapoanzia. Funga kitambaa kwenye rula uingize.

#9 Kiwembe
Sawa dada, nimekosea, asante. Asionje mtu.

#10 Limuru254
Hamjambo kutoka Limuru, huku baridi ya Julai tunaijua. Kuna kitu hamjataja: pale chini ya waipa kuna kifuniko cha plastiki chenye matundu. Hewa ya nje inaingilia hapo kwenda kwa blowa, na maji ya mvua yanashukia hapo hapo, kisha yanatoka kwa mifereji miwili pembeni. Mifereji ikizibwa na majani, maji yanapanda kama karai hadi yanaingia tundu la hewa. Blowa inakuwa inapuliza juu ya dimbwi. Kapeti la upande wa abiria linalowa, sawasawa na #1 anavyosema.

Ukiegesha chini ya misonobari, zile sindano zake zinasokotana kama brashi na kuziba kabisa. Inua mikono ya waipa, toa kifuniko, chota uchafu kwa mkono, usisukume ndani kwa presha ya maji. Kisha mwaga lita mbili polepole kila upande. Yatoke nyuma ya magurudumu ya mbele papo hapo.

Halafu angalia kilango cha kubadilisha hewa ya ndani na ya nje. Toa droo ya dashibodi, chomoa filta ya kabini, bonyeza kitufe cha mshale huku ukimulika. Kilango lazima kitembee mwisho hadi mwisho. Taa ya kitufe huzima hata kama kilango kimekwama. Na filta ikiwa nyeusi na nzito kwa unyevu, hiyo peke yake inatosha kuleta ukungu.

#11 Bisibisi Nyota
Limuru254 umeleta jambo zito. Misonobari ndiyo miti ya Mafinga na Sao Hill. Kibena Dereva, gari linaegeshwa wapi?

#12 Kibena Dereva
Asanteni wote. Gari hulala chini ya mti, ndiyo, msonobari mmoja mkubwa. Majibu niliyopata hadi sasa:

Karatasi: maji ya kapeti hayana rangi, karatasi imekauka vizuri.
Utando kioo cha mbele: upo, unateleza. Spiriti imeutoa mara ya pili. Bado haujarudi, ni siku ya nne.
Joto la kulanti: kupanda Kitonga 84 hadi 88. Tambarare ya Mafinga usiku 71. Kushuka, 66.
AC ikiwaka pamoja na hita: ukungu unapungua sana lakini pembeni mwa kioo unabaki.
Hosi mbili za hita: zote za moto, moja imezidi kidogo.
Droo sijafungua bado.

#13 Bisibisi Nyota
66 kwenye mteremko na 71 kwenye tambarare. Hiyo thamostati haipo au imekwama wazi, sina shaka. Na kumbuka gharama nyingine: injini ikidhani bado ni baridi inamwaga mafuta zaidi, na kilomita zako kwa lita zinapungua.

#14 Mzee wa Rejeta
Thamostati haielezi chupa kushuka. Bado nasimama na rejeta, ila kwa kuwa karatasi imekauka safi, tupime kwa presha badala ya kubishana.

Injini ikiwa baridi kabisa, funga pampu ya kupimia mahali pa mfuniko wa rejeta. Pampu hadi namba iliyoandikwa kwenye mfuniko, kawaida 0.9 au 1.1 (takriban bar). Usizidishe, utaharibu kilicho kizima. Subiri dakika 15. Sindano ikishuka na nje hakuna tone, bana hosi zote mbili za hita kwa koleo laini la hosi, rudia. Ikisimama safari hii, mwizi yuko ndani ya dashibodi. Ikiendelea kushuka, mwizi yuko nje.

Hosi zikiwa ngumu na zenye nyufa usizibane, zitakatika. Zichomoe, unganisha ile mirija ya upande wa injini kwa kipande cha hosi, kisha pima.

#15 fundi_AC_Tabata
Na mfuniko wenyewe upimwe. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya bahari, huko maji yasiyo na presha yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi. Mfuniko uliochoka unaruhusu mvuke kutoka kidogo kidogo, chupa inashuka na hakuna anayeona tone. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote tulivyotaja.

#16 Mwarabu wa Tanga
Samahani, natoka nje kidogo. Huku pwani asubuhi kioo kinajaa ukungu nikiwasha AC, nikipiga hita unapungua. Mbona kinyume?

#17 fundi_AC_Tabata
Wako uko nje ya kioo, kaka. Pitisha waipa: ukitoka, ni wa nje. Hewa ya pwani imejaa mvuke, AC imekipoza kioo kwa ndani, mvuke wa nje unatua kama maji kwenye chupa ya soda. Usielekeze hewa ya AC kiooni, pandisha joto nyuzi mbili tatu, piga waipa. Wanaotoka Tanga kwenda Lushoto wanakutana na yote mawili siku moja: chini ukungu wa nje, juu wa ndani.

#18 Sauti ya Forester
Mimi hita inapuliza moto dakika kumi, halafu baridi, halafu moto. Subaru Forester. Kioo kinafunga kila ikipoa. Nami nikatafute thamostati?

#19 Bisibisi Nyota
Moto kisha baridi ni upepo kwenye mfumo. Rejeta ya hita huwa juu, hewa inakimbilia humo na kuzuia maji. Toa upepo kwanza: gari liwe baridi, pua juu kwenye mwinuko, hita mwisho. Rejeta za Subaru nyingi zina kiskurubu cha kutolea upepo juu upande mmoja, kifungue. Jaza polepole hadi kulanti itoke bila mapovu, funga. Washa, shikilia mizunguko 1,500, minya hosi ya juu kwa kitambaa, ongeza kadiri inavyoshuka, hadi feni iwake mara mbili. Zima, ipoe, ongeza tena.

Upepo ukirudi baada ya siku mbili, usiendelee kujaza. Injini za Subaru za EJ25 zinajulikana kwa gasketi ya silinda hedi, na gasketi ikivuja inasukuma gesi ya moto ndani ya kulanti. Kuna dawa ya buluu ya kupimia mdomoni mwa rejeta: ikigeuka njano, gesi ya silinda ipo.

#20 Kamba ya Daladala
Ongezeni Hiace na Noah zenye hita ya nyuma. Mabomba yake yanapita chini ya bodi, yanaoza kwa matope, fundi anayakata na kuziba. Akiziba vibaya, na ya mbele inapungua nguvu. Ukinunua iliyotumika, pita chini umulike.

Na swali: rejeta ya hita iliyoziba kwa kutu ya maji ya bomba, mnaisafisha na nini?

#21 Mzee wa Rejeta
Hapo niko nyumbani. Dalili: hosi moja inaunguza, ya pili unaishika bila shida. Chomoa zote mbili kwenye ukuta wa injini. Funga mpira wa bustani kwenye ile ya kutokea, ili maji yaende kinyume na njia yake ya kila siku. Bomba lifunguliwe robo tu. Yatatoka rangi ya chai. Geuza, rudia hadi yawe meupe pande zote. Kama bado, asidi ya limau ya unga, gramu 50 kwa lita moja ya maji ya uvuguvugu, jaza, acha dakika 20, suuza sana. Kisha kulanti iliyokwisha kuchanganywa, au ya kuchanganya nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa. Maji ya bomba ndiyo yaliyokufikisha hapo.

#22 fundi_AC_Tabata
Kwenye asidi napingana nawe. Rejeta ya hita ya shaba inavumilia. Za aluminiamu, ambazo ndizo nyingi sasa, zina ukuta mwembamba, na mara nyingi kutu ndiyo iliyokuwa imeziba tundu. Umeitoa kutu, umefungua mvujo. Maji matupu, kinyume, mara nyingi, na subira.

#23 Mzee wa Rejeta
Dakika 20 haziyeyushi aluminiamu nzima. Iliyotoboka kwa asidi ilikuwa imeshakufa.

#24 Baridi Kali
Nawasoma kutoka Edmonton, Kanada. Huku chanzo kikubwa ni viatu: theluji inayeyuka kwenye kapeti, sifongo ya chini inanyonya na kukaa na maji wiki nzima. Kibena Dereva, usiguse kapeti kwa juu tu. Ng'oa kile kipande cha plastiki cha mlangoni, inua kapeti, bonyeza sifongo iliyo chini yake. Juu panaweza kuwa pakavu na chini ukakamua kikombe kizima. Ziba chanzo unavyotaka, sifongo hiyo isipokauka hita itaendelea kuichemsha na kuipeleka kiooni. Magazeti yaliyokunjwa, badilisha asubuhi na jioni, siku mbili tatu, au itoe uianike.

Pia baridi ikikaribia sifuri kompresa ya AC hujizuia yenyewe, kwa hiyo ushauri wa #3 haufanyi kazi kwenye baridi kali.

#25 Limuru254
Hilo la sifuri linawahusu watu wa Makete na Kitulo, kule barafu ya asubuhi mwezi wa sita na wa saba ipo. Hapo ni joto la injini na hewa ya nje tu. Fungua kioo cha dirisha kidole kimoja.

#26 Nyasi Kavu
Kiazi kibichi kilichokatwa, paka kioo, ukungu haushiki. Hili nalo mtalikataa?

#27 Mama Tausi
Kinashikilia muda mfupi, kisha wanga unakauka na kuacha utando ambao usiku taa zinautawanya. Kwa dharura ya mlima mmoja, sawa. Asubuhi kioshe.

#28 Kibena Dereva
Nimerudi na matokeo.

Presha: mfuniko ni 1.1. Bila kubana hosi, dakika 15 sindano imeshuka hadi 1.0. Hosi zikibanwa, imeshuka hadi 1.05.
Pampu ya maji: pana ukoko wa waridi kwenye kitundu cha chini cha pampu, mkavu.
Nyumba ya thamostati imefunguliwa: ndani kulikuwa na thamostati ya 82, sahani yake haifungi, kuna uwazi wa upana wa kadi ya simu.
Droo: filta ina sindano za msonobari na imelowa nusu ya chini. Kilango kinatembea vizuri.
Sifongo chini ya kapeti: nimekamua maji, yamejaa kopo la nusu lita. Hayana rangi.

#29 Mzee wa Rejeta
Presha imeshuka nusu tu hosi zilipobanwa. Kwa hiyo sehemu ya mvujo iko kwenye hita. Nilisema.

#30 Bisibisi Nyota
Au mpira wa pampu ya kupimia unavujisha, au gari lilikuwa bado linapoa, maji yakinywea na presha ikishuka yenyewe. Tofauti ya 0.05 huwezi kushushia dashibodi ya mtu. Ule ukoko wa waridi ni kulanti iliyokauka, pampu za 1NZ zinatoa jasho hapo. Chupa yako inakoenda ndiko huko.

#31 fundi_AC_Tabata
Na maji ya sifongo yasiyo na rangi ni ya evaporeta au ya mvua. Mrija wa AC unatoka kwenye ukuta wa injini upande wa abiria, chini, kiwiko cha mpira unene wa kidole. Ukipita chini na kupuliza upepo kidogo kutoka nje kuingia ndani, utasikia maji yakibubujika kama umeziba. Usitumie presha yote ya kompresa ya gereji, utachomoa kiwiko kwa ndani na hapo ndipo balaa litaanza.

Jamani, wengine wanasema AC isipodondosha maji ujue mrija umeziba. Kwa Dar sawa. Kwa hewa kavu ya nyanda za juu kiangazi inaweza isidondoshe kitu na mrija ukawa mzima.

#32 Limuru254
Filta imelowa nusu ya chini na ina sindano za msonobari. Filta iko kabla ya evaporeta. Maji ya evaporeta hayarudi nyuma kulowesha filta. Hayo yametoka juu, kwenye kifuniko cha waipa.

#33 fundi_AC_Tabata
Boksi likijaa na gari likiegeshwa pua chini, yanarudi. Nimeona filta zilizolowa kwa sababu hiyo. Lakini nakubali sindano za msonobari hazikupitia kwenye mrija wangu.

#34 Kibena Dereva
Thamostati mpya nimefunga pamoja na oringi yake, kulanti mpya ya waridi, upepo nimetoa kama #19. Joto linasimama 84 hadi 90, hewa inaunguza mkono. Jana usiku Mafinga hadi Njombe, AC na hita pamoja, kioo safi. Usiku wa kuamkia leo mvua imenyesha, asubuhi ukungu umerudi upande wa abiria tu, na sifongo ina unyevu tena. Pampu ya maji nimeagiza.

#35 Limuru254
Mvua, upande wa abiria. Toa kifuniko cha waipa leo, usingoje wikendi.

#36 Baridi Kali
Kabla ya kukitoa, igawanye mvua yenyewe. Droo na filta vitolewe, kapeti liwe limeinuliwa, mtu mmoja akae ndani na tochi, milango imefungwa. Wa nje aanze kumwaga maji chini, kwenye mlango wa abiria tu, dakika tano. Kisha apande kwenye kifuniko cha waipa, dakika tano. Kisha pembe ya chini ya kioo cha mbele. Mwisho paa. Ukianzia juu, maji yatashukia kote na hutajua lipi limeingiza. Kama kioo cha mbele kimewahi kubadilishwa, mulika sana kona ya chini kushoto, gundi ikiacha uwazi hapo maji yanapita nyuma ya dashibodi na kutokea kwenye kapeti lilelile.

#37 Kibena Dereva
Kioo kilibadilishwa kabla gari halijauzwa kwangu, stika yake si ya Kijapani. Naenda kuchukua ndoo.